Kolera haingoji asubuhi: maswali tunayoulizwa Goma na majibu yake

Maswali haya yanaletwa na akina mama na akina papa wa Majengo, Birere, Ndosho, Kyeshero na kwingineko mjini. Shida ni kwamba wengi wanayauliza wakiwa wamekwisha kumbeba mgonjwa mgongoni, ambaye hawezi tena kusimama. Afadhali uyasome leo, wakati nyumbani wote ni wazima.

Kolera ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa kuhara unaoletwa na kijidudu kiitwacho Vibrio cholerae. Kinaingia mdomoni kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mtu aliyenacho. Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku 5. Choo kinatoka kingi, kama maji yaliyooshewa mchele, mara nyingi bila homa na bila tumbo kuuma sana. Ndiyo maana watu wanaidharau: "haumwi sana, anahara tu." Kutapika huja pamoja nacho, au baadaye kidogo.

Kuhara tu kunauaje mtu mzima mwenye nguvu zake?

Kwa kummaliza maji na chumvi za mwili. Katika kolera kali mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Mwenye kilo 50 akishapoteza lita 5, damu haina tena maji ya kutosha ya kuzunguka: mapigo ya mkono hayapatikani, mkojo unakatika, moyo unashindwa. Hesabu basi mwenyewe. Ikiwa kolera kali hiyo ilimwanza saa mbili usiku, lita hizo 5 zinatimia saa saba usiku. Jogoo hajawika bado.

Basi tukimngojea mpaka asubuhi, tuone kama itapita?

Hapana. Hili ndilo jibu tunalotaka likae kichwani hata kama mengine yote utayasahau: kuhara maji matupu, mara tatu au zaidi kwa muda mfupi, hakungoji asubuhi. Anza kumnywesha tangu choo cha kwanza, na safari ya kituo ianze usiku huohuo. Aliyetibiwa mapema na vizuri karibu daima anapona. Katika vituo vinavyofanya kazi ipasavyo wanaokufa hawafiki 1 kwa 100. Tunaowapoteza ni wale waliofika wakiwa wamechelewa, na karibu kila mara familia inasema neno lilelile: "tulikuwa tunangojea kupambazuke."

Usiku hakuna motari (dereva wa pikipiki), na barabara ina hatari zake. Tufanyeje?

Ni kweli, na hatutasema kwamba ni rahisi. Lakini tafuteni njia kabla ya kuugua. Muulizeni reko (mhudumu wa afya wa jamii) wa mtaa wenu, leo mchana, kituo cha kutibu kolera kilicho karibu ni kipi na nani anaweza kusafirisha mtu usiku. Andikeni namba ya motari mmoja au wawili wanaokubali. Kama kweli hakuna kutoka kabla ya mwanga, basi usiku huo hakuna kulala: mtu mmoja akae na mgonjwa, ampe SRO (dawa ya pakiti yenye chumvi na sukari, inayochanganywa na maji ya kunywa) bila kuacha, kikombe baada ya kikombe, na njiani pia aendelee kunywa. Mgonjwa aliyenyweshwa usiku kucha na yule aliyefunikwa blanketi akaachwa "apumzike" hawafiki kituoni katika hali moja.

Kila akinywa anatapika, na kuhara kunazidi. Si afadhali asinywe?

Hapana, na hapana tena. Kumnyima maji mwenye kolera ni kuusaidia ugonjwa. Hata akitapika, sehemu kubwa ya alichokunywa hubaki ndani. Akitapika ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole: mtoto kijiko kimoja kila dakika, mkubwa funda ndogondogo. Usimpe kikombe kizima kwa mkupuo, hicho ndicho kinachorudi. Na usitegemee SRO ifunge choo. Haikuundwa kufunga choo. Kazi yake ni kurudisha kilichotoka: sukari iliyomo huvuta chumvi na maji kupitia ukuta wa utumbo, na njia hiyo hubaki wazi hata wakati wa kolera. Wengi wanaiacha baada ya saa mbili kwa sababu "haijasaidia, bado anahara." Imesaidia. Bado yuko hai.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi kuliko kawaida. Kumwachisha ziwa kwa sababu "maziwa ya mama yameharibika" ni kosa ambalo tumechoka kulisikia.

SRO inachanganywaje?

Pakiti moja nzima kwa lita moja ya maji safi. Si nusu pakiti kwenye glasi, si pakiti mbili ili "iwe na nguvu": ikizidi chumvi inamdhuru, hasa mtoto. Nawa mikono kwa sabuni, pima lita moja kwa chupa mbili za maji za nusu lita, mimina pakiti yote, koroga mpaka iyeyuke. Usiongeze sukari wala fanta, na usichemshe baada ya kuchanganya. Ifunike, ikipita saa 24 mwaga, tengeneza nyingine.

Kadiri gani? Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Akipoteza zaidi, apewe zaidi.

Hakuna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo bila kilima. Ukiona shaka kwenye chumvi, punguza, usiongeze. Hiyo ni ya kukufikisha kituoni, si ya kukubakiza nyumbani.

Watu wanasema amelishwa karuho, yaani sumu ya siri. Twende kwanza kwa mganga?

Hatubishani na mtu juu ya karuho saa saba usiku. Tunasema hivi: chochote unachoamini kuwa kimeleta kuhara, anayekufa anakufa kwa kukauka maji, na maji yanarudishwa kituoni. Mengi ya anayopewa mgonjwa wa karuho yanamkausha zaidi: dawa ya kutapisha inamwondolea maji, na lavema ya majani (dawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa) inamwondolea mengine. Mtu aliyekuwa na saa tano anabaki na mbili.

Tena angalieni vizuri. Ikiwa jirani naye anahara tangu juzi, na mtoto wa nyumba ya nyuma ameanza leo, karuho gani hiyo inayofuata bidoni (madumu) za maji nyumba kwa nyumba?

Muuguzi wa mtaani amemtundikia serumu (maji ya mshipani) nyumbani. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo tunapoteza watu ambao familia ilijitahidi kwelikweli kuwaokoa, hata ikakopa pesa ya serumu. Sikilizeni hesabu. Mgonjwa aliyekauka vibaya, mwenye kilo 50, anahitaji Ringer lakteti, serumu yenye chumvi za mwili, lita 5 ndani ya saa 3: lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, tatu na nusu katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kwa mwendo wa polepole zaidi, saa 6, kulingana na kilo zake. Zaidi ya hayo anaendelea kupoteza, kwa hiyo kinachotoka kinapimwa kwenye ndoo na kurudishwa.

Sasa linganisha na kinachofanyika nyumbani: mfuko mmoja wa nusu lita, umefungwa kwenye msumari, unadondoka taratibu usiku kucha. Mara nyingi ni serumu ya glikozi, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo farmasini. Glikozi hiyo ni maji na sukari. Haina chumvi anazopoteza mgonjwa. Familia inaona mfuko unadondoka, inatulia, inalala. Nusu lita kwa usiku mzima, na yeye anapoteza mara kumi ya hiyo.

Muuguzi wa mtaa anayejua kazi yake anamwanzishia SRO, anaandika barua ya kumpeleka, anapiga simu kituoni. Anayemweka mgonjwa wa kolera nyumbani ili amuuzie mfuko wa pili na wa tatu, tumwambie kwa heshima kwamba aache.

Na vidonge vya farmasi?

Metronidazoli haitibu kolera. Loperamidi, ile ya "kufunga tumbo", inazuia utumbo usisukume na maji yanabaki yamejaa ndani. Umefunga mlango, mwizi yuko ndani ya nyumba. Mtoto asipewe kabisa. Antibiotiki zipo zinazofaa, kwa mfano doksisiklini miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima aliye na kolera kali, lakini hutolewa kituoni baada ya maji kurudishwa. Hazichukui nafasi ya maji. Zinki kwa watoto ni kitu kingine, inasaidia: miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na nusu ya hiyo kwa aliye chini ya miezi 6.

Nitajuaje kwamba amezidiwa?

Macho yameingia ndani. Mdomo mkavu, mtoto analia bila machozi. Hajakojoa tangu saa nyingi. Misuli ya miguu inakaza. Sauti imekuwa ndogo, au amelala usingizi usio wa kawaida. Finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha achia: ikibaki imesimama badala ya kurudi mara moja, ondokeni sasa hivi. Lakini usisubiri dalili hizi ndipo uondoke. Hizi ni dalili za kuchelewa.

Hatuna pesa ya hospitali.

Kwa kawaida katika vituo vya kutibu kolera mgonjwa halipishwi serumu wala SRO. Mmoja wa familia huruhusiwa kukaa naye, akifuata masharti ya kunawa. Kinachokula pesa ni yale ya kabla: mganga, farmasi, mfuko wa nyumbani.

Maji ya Ziwa Kivu ni maangavu kabisa. Tatizo ni nini?

Kijidudu hakionekani kwa macho. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Kuchimba choo kirefu ni kazi ngumu, vyoo vingi ni vifupi na hujaa upesi, na mvua hushusha vilivyomo kuelekea ziwani. Mnamo Julai 1994 kolera iliua maelfu ya wakimbizi hapa katika wiki chache. Na volkano ilipolipuka Mei 2021, lava iliharibu mitambo ya maji, watu wengi wakarudi kuchota ziwani moja kwa moja.

Ukichota ziwani, pita kwa wale wanaotia klorini mahali pa kuchotea. Ni bomba la sindano moja tu kwenye bidoni ya lita 20. Halafu ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Si dakika 5. Harufu kidogo ya klorini ni dalili kwamba dawa bado inafanya kazi. Anayefungua bidoni ili "harufu itoke" anaitoa kinga aliyoipata bure. Wenye makala (mkaa) ya kutosha wachemshe: maji yakishatokota vizuri, dakika moja inatosha kwa mwinuko wetu.

Sasa itazameni bidoni yenyewe. Ingiza kidole kwenye shingo, upande wa ndani. Utelezi huo wa kijani unakula klorini kabla haijafika kwenye maji. Tia konzi ya vijiwe vidogo vya lava vilivyooshwa, sabuni na maji kidogo, funga, tikisa kwa nguvu kila upande, suuza mpaka sabuni iishe. Kila wiki. Nyumbani maji yamiminwe. Kikombe kilichokuwa mkononi mwa mtoto kisichovywe ndani ya ndoo.

Nimechanjwa, niko salama?

Chanjo ya mdomo inasaidia, ipokeeni ikija. Tangu Oktoba 2022, kwa sababu ya upungufu wa chanjo duniani, katika milipuko hutolewa dozi moja badala ya mbili, na kinga yake ni ya muda mfupi. Aliyechanjwa akihara maji, anakimbizwa kama mwingine yeyote.

Mtu akifia nyumbani?

Msimwoshe, msimgusegusee, na pasipikwe chakula cha matanga karibu naye. Mwili bado una kijidudu. Mwiteni reko, timu ije imzike kwa heshima na kwa usalama.

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Kuna la kufanya?

Lipo. Anaweza kuendelea kutoa kijidudu chooni kwa siku kadhaa ingawa anajisikia mzima, kwa hiyo asipikie wengine kwa sasa, na anawe kwa sabuni kila atokapo chooni. Nguo na shuka zilizochafuka zichemshwe dakika 5 na zianikwe juani. Zisipelekwe kufuliwa ziwani, maana chini kidogo kuna mtu anajaza bidoni. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, si kwenye mawe nyuma ya nyumba. Na wengine wa nyumba hiyo waangaliwe siku 5. Akianza mmoja, hata saa nane usiku, pakiti ya SRO iwe tayari ndani ya kabati.