Dakika 40 kati ya zamu na zamu

Watu wakifika kwenye hema letu pale Jamhuri Park, Nairobi, swali la kwanza ni lilelile: "Fundi, hili gari lina nguvu za farasi ngapi?" Huwa nawaomba wachuchumae nami kando ya gurudumu la mbele, wanyooshe kiganja karibu na diski bila kuigusa. Joto wanalolipata pale ndilo linalonishughulisha wikendi nzima.

Tuko wanne: dereva, mimi fundi, dada yake anayeshika saa na daftari, na kijana anayejifunza kazi gerejini kwangu. Gari ni Toyota Starlet EP82 yenye injini ya 4E-FE, cc 1,331, ileile iliyotoka nayo kiwandani. Tunakimbia autokrosi, yaani mbio fupi za kushindana na saa kwenye njia ya changarawe, zamu kadhaa kwa siku. Kati ya zamu moja na nyingine sisi hupata kama dakika 40.

Kuhusu nguvu, Nairobi imeshatukata kabla hatujawasha. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo hula hewa inayoikuta tu, kwa hiyo nguvu zake hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Nimeona vijana wakimaliza akiba yao kwa ekzosi pana wakitafuta kurudisha hizo nguvu, kisha wanakuja mbioni na mafuta ya breki ya miaka mitatu. Hilo huniuma, maana najua mwisho wake.

Nilijifunza kwa gari letu wenyewe. Msimu wa kwanza, zamu ya tatu, dereva alikanyaga breki kabla ya kona ya kushoto na pedali ikazama hadi sakafuni. Aliokoka kwa kushusha gia na kulielekeza gari nyasini. Pedi zilikuwa nzima, wala hapakuwa na mahali palipovuja. Kosa lilikuwa langu: nilitumia chupa iliyofunguliwa miezi mingi nyuma.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kupitia mipira ya breki. DOT 4, aina ya mafuta ya breki tunayotumia, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kufikia karibu asilimia 4, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 155 tu. Kaliper, kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski, ikipata joto kupita hapo, mafuta huchemka na kutoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi kama hewa ndani ya pampu ya baiskeli. Mguu wa dereva unabana mvuke badala ya kusukuma pedi. Baya zaidi ni kwamba gari likipoa, pedali hurudi kuwa ngumu, na fundi mvivu atasema dereva aliogopa. Sasa kila Ijumaa usiku kabla ya mbio tunafungua chupa mpya, tunasukuma mafuta ya zamani yatoke kwenye magurudumu yote manne, na tunatoa upepo hadi pedali isimame juu.

Gari likirudi kutoka njiani, dereva haruhusiwi kuvuta hendibreki. Dramu za nyuma zina moto. Ukizibana zikiwa zimesimama, zinapoa vibaya pale lainingi, yaani pedi za ndani ya dramu, zilipogusa. Kazi ya kwanza ya kijana wetu ni kukimbia na mawe mawili, moja mbele ya tairi, moja nyuma.

Halafu tairi. Joto likipanda nyuzi 10, upepo ndani hupanda psi (kipimo cha upepo wa tairi) 1 na ushee. Asubuhi ya Julai Nairobi ni baridi ya kuvaa koti, ila saa nane mchana jua linawaka. Ukipima asubuhi ukatulia, mchana unakimbia na tairi nyingine kabisa. Kuna pia jambo lililotusumbua wiki kadhaa hadi dada wa daftari alipoligundua: tairi za upande uliotazama jua zilisoma juu kuliko zile za kivulini, nasi tulikuwa tukizipunguza zilingane. Gari likienda njiani na zote zikipata moto, upande mmoja ulikuwa na upepo pungufu. Siku hizi tunalifunika gari lote kwa turubai kabla ya kushika geji.

Vumbi ni adui wa polepole. Ni mchanga laini, na ukipenya kwenye filta ya hewa huzisugua ringi za pistoni hadi injini ianze kula oili. Filta hutoka kila baada ya zamu mbili, na nafuta ndani ya bomba lake kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo, hatukimbii hadi nijue umepitia wapi.

Rejeta hatuifungui ikiwa na moto, basi. Nati za magurudumu tunazikaza kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza) na kuzirudia baada ya zamu ya kwanza.

Joginder Singh, dereva wa rali wa Kenya, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za Safari Rally kwa Volvo PV544 ambalo lilikuwa limeshatumika. Kijana wangu nilimwambia habari hiyo tukiwa chini ya gari, mikono imejaa mafuta, naye akauliza kama na wao walikuwa na daftari.

Jumapili jioni gari likishapanda kwenye trela, chupa ya mafuta ya breki iliyobaki nusu inaingia kwenye debe la oili chafu, hata kama iligharimu pesa. Kuiweka kwa ajili ya mbio zijazo, sikubali.