Kabla hujanunua kituo cha data cha kontena

Wakuu wa idara za TEHAMA huniuliza mara kwa mara kama kontena lililofungwa raki (fremu za kupangia seva), viyoyozi na UPS (betri za dharura umeme unapokatika) kiwandani linaweza kuchukua nafasi ya chumba cha seva. Nami huwauliza kwanza: mmekwama kwenye jengo au kwenye umeme? Kontena linatatua la jengo tu.

Tuchukue kontena la futi 20 lenye raki 8, kila moja ikitumia kilowati 5. Seva peke yake zimeshakula kilowati 40. Umeme wote huo hugeuka joto, na kuliondoa joto hilo katika hewa ya Dar es Salaam au Mombasa kunataka umeme mwingine. Ukiongeza nusu ya mzigo kwa ajili ya upoozaji na upotevu, unafika kilowati 60. Siku umeme wa gridi ukikatika, jenereta litakunywa takriban lita 17 za dizeli kwa saa, yaani zaidi ya lita 400 kwa siku nzima. Ni nani atakayezileta, na barabara inapitika masika? Hesabu hii ni ileile hata ukijenga kwa matofali, ila wauzaji wa makontena huipita haraka kwa sababu bei yao inaishia mlangoni.

Jambo la pili ni upana. Ndani, kontena la kawaida lina takriban mita 2.35. Raki ya seva ina kina cha mita 1 hadi 1.2. Kinachobaki hakifiki mita moja na nusu, nacho kigawanywe mbele kwenye hewa baridi na nyuma kwenye hewa ya moto. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, mtume fundi wako akaingie ndani na kujaribu kuchomoa seva nzito kutoka kwenye raki. Kama ni lazima afungue mlango mkubwa wa nje ili afike nyuma, mvua na vumbi vitaingia pamoja naye.

Google ilionyesha mwaka 2009 kwamba ilikuwa ikitumia makontena tangu 2005, kila moja likiwa na seva 1,160. Mfano huo unavutia, lakini seva zake zilikuwa za aina moja, kwa maelfu. Taasisi nyingi ninazozijua zina mchanganyiko: seva ya zamani ya mfumo wa mishahara, hifadhi ya data ya kampuni nyingine, swichi za mtandao za vizazi vitatu. Vifaa vya namna hiyo vinahitaji mikono ya watu kila wiki, na mikono inahitaji nafasi.

Hata hivyo, kuna mahali ninapolipendekeza kontena bila kusita: mgodi ulio mbali na mji, kambi ya mradi wa miaka michache, au chuo kinachosubiri jengo jipya huku mifumo ikielemewa. Hapo kuweza kulibeba kwa lori na kulihamisha kuna thamani halisi. Andaeni tu jukwaa la zege lililoinuka, mifereji, uzio, njia ya kreni isiyopita chini ya nyaya za umeme, na paa la kivuli juu yake, kwani bati la chuma juani linaongezea viyoyozi kazi bure. Pwani, chumvi ya bahari itakula mapezi ya kondensa, yaani sehemu za viyoyozi zinazokaa nje na kutoa joto; dai zenye kinga ya kutu kwa maandishi.

Mwenye raki mbili tu, na faiba ya kuaminika, akakodi nafasi kwenye kituo cha data kilichopo mjini.

Wengine, mwombeni muuzaji takwimu moja ambayo haipo kwenye kipeperushi: nje kukiwa na nyuzijoto 35 na kiyoyozi kimoja kimezimwa kwa matengenezo, hewa inayoingia kwenye seva itakuwa na joto gani? Ikizidi 27, arudi kuchora upya.