Mzee wa gitaa la stili muulize habari za pedeli

Ukimpigia simu mpiga gitaa la stili aliyestaafu ukamuuliza hali, atakujibu ni mzima, atakuuliza yako, kisha kimya. Sasa muulize pedeli yake ya A, mojawapo ya zile anazokanyaga kwa mguu kuvuta nyuzi, iko upande gani. Hapo tafuta kiti ukae, maana hamtamaliza leo.

Mimi ni fundi wa magitaa haya hapa Nashville, Tennessee. Kazi nyingi ninazoletewa siku hizi ni za wazee. Sanduku halijafunguliwa tangu mwenyewe alipoacha muziki, mwanawe analibeba mpaka kwangu, na mzee anafuata nyuma akisisitiza kwamba hana mpango wa kupiga tena, hataki tu lishike kutu.

Kwa wasomaji wa nyumbani Kenya, gitaa la stili ndilo lile linalolia nyuma ya mwimbaji wa kantri, sauti ikipanda na kushuka bila kukatika. Cha ajabu ni kwamba mwimbaji Jim Reeves, ambaye sisi tulimfanya kama mtu wa ukoo, si mtu wa kukufunza stili. Maprodyuza wa Nashville mwishoni mwa miaka ya 1950 waliiweka kando pamoja na fidla, wakaleta kwaya na sauti laini, na nyimbo zake zilizovuma zaidi ni za wakati huo. Ukitaka kuisikia vizuri, tafuta santuri ya mwimbaji Charley Pride aliyorekodi jukwaani Panther Hall, Fort Worth, mwaka 1968. Anayepiga stili pale ni Lloyd Green, na mimi sijasikia mtu akimfuata mwimbaji kwa adabu zaidi ya hiyo.

Chombo chenyewe asili yake ni Hawaii. Kijana aitwaye Joseph Kekuku anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi mwishoni mwa karne ya 19. Pedeli zilikuja kusikika kwenye kantri mwaka 1954, katika wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly", Bud Isaacs akiwa kwenye stili. Alikanyaga pedeli huku nyuzi bado zinalia, noti moja ikapanda ndani ya kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, na nyingine zikabaki pale pale. Baada ya hapo kila mpigaji alitaka pedeli.

Sasa nieleze kwa nini swali langu la pedeli A lina nguvu. Gitaa la kawaida la Nashville lina nyuzi kumi, limetyuniwa kwa kodi ya E. Chini yake kuna fito za chuma zinazounganisha pedeli na mtambo ulio mwisho wa nyuzi. Ukikanyaga pedeli A, nyuzi za noti ya B zinavutwa hadi noti ya C#. Ukikanyaga pedeli B, za noti ya G# zinapanda hadi noti ya A. Ukizikanyaga pamoja, umehama kutoka kodi ya E hadi ya A na mkono wako haujasogea. Wapigaji Buddy Emmons na Jimmy Day ndio walioachia mpangilio huu jina, lakini kila mmoja aliupanga kwa namna yake. Kwa Emmons, ukihesabu pedeli tatu kutoka kushoto, ni A, B, C. Kwa Day ni C, B, A. Wapigaji waliofuata walichagua upande na wakabaki huko maisha yote. Ongeza nyenzo zinazosukumwa kwa magoti, kushoto, kulia na juu, ambazo kila mtu huzipanga anavyojisikia, na utaona kwamba ni nadra kukuta magitaa mawili ya wazee yanayofanana.

Mkono wa kushoto umeshika chuma chenye uzito unaopita gramu 200. Wa kulia una kucha ya plastiki kwenye gumba na mbili za chuma kwenye vidole vinavyofuata. Mguu wa kulia unaongoza ukubwa wa sauti, wa kushoto uko kwenye pedeli, magoti yanafanya yake. Mtu aliyeishi hivyo miaka arobaini hawezi kukuambia kwa maneno anachofanya. Ujuzi umehamia kwenye kifundo cha mguu.

Ndiyo maana huwa nawagombeza jamaa wanaomnunulia mzee gitaa jipya kama zawadi ya kumrudisha kwenye muziki. Mzee anakaa, anakanyaga, inatoka noti ambayo hakuitarajia. Anajaribu goti, hakuna kitu. Anatabasamu, anashukuru, na moyoni anaamini uzee umemmaliza, kumbe gitaa limepangwa kwa mguu wa mtu mwingine. Hatagusa tena.

Kuna mzee mmoja aliyenifundisha mengi nilipofika mji huu, kisha tukapotezana. Alikuwa ameacha kupiga kwa sababu ambazo wengi wa rika lake watakutajia: nyonga, masikio, kumbi za dansi kupungua, na miaka ya 1980 ambapo kantri ilikimbilia vinanda vya umeme na stili ikaitwa ya kizamani. Uzito nao. Gitaa la shingo mbili, yaani seti mbili za nyuzi, pamoja na sanduku lake hufika kilo 30, na hakuna anayekubebea ukitoka ukumbini saa nane usiku. Nilipompata kupitia mpiga besi wa zamani, sikumwomba apige. Nilimuuliza mpangilio wake. Aliniambia ni wa Day, kisha akaanza kunieleza goti la kushoto, akakatiza, akasema ngoja nikalitazame. Nilisikia komeo za sanduku zikifunguka kwenye simu, tak, tak.

Alipolileta, kila kitu kilikuwa kimeganda. Mafuta ya zamani hugeuka gundi ndani ya mtambo, uzi unapanda lakini haurudi mahali pake. Dawa yake ni kuusuuza kwa mafuta mepesi yanayojaziwa viberiti vya petroli, kukanyaga pedeli tena na tena mpaka uchafu ushuke, kisha tone dogo la mafuta ya cherehani. Usipulizie ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu. Baada ya miaka michache utarudi pale pale.

Halafu tyuni. Ukifuata kipimo cha simu mpaka kionyeshe sifuri kila uzi, mzee wa stili atakunja uso kabla hujamaliza. Noti za gitaa hili hudumu muda mrefu, kwa hiyo kodi isiyotulia inasikika wazi. G# ndani ya kodi ya E inabidi ishushwe: ukigawa nusu toni sehemu mia, basi karibu sehemu 14 chini. Wengine hushusha kidogo kuliko hapo. Mwache atyuni mwenyewe kwa sikio, hata akichukua nusu saa.

Mwili nao una marekebisho yake. Vifundo vya vidole vikivimba, kucha za chuma zinapanuliwa kwa koleo. Nyonga ikikataa, miguu ya gitaa inarefushwa na mwendo wa wenzo unafupishwa ili goti lisisafiri mbali. Shingo mbili zikishindikana kubebwa, fito zake zinaweza kunakiliwa kwenye gitaa la shingo moja, mpangilio ule ule. Lloyd Green na Jay Dee Maness, waliopiga wote kwenye santuri ya bendi ya Byrds ya 1968, "Sweetheart of the Rodeo", walirudia nyimbo zile pamoja kwenye santuri ya 2018. Miaka hamsini.

Mzee wangu sasa hupiga Jumatano alasiri karakanani kwangu, na hulalamika kuhusu kila kitu, hasa kikuza sauti changu. Nimemsaidia pia jambo ambalo ningependa kila mwenye mzee wa studio alifuatilie: mfuko wa AFM & SAG-AFTRA, vyama vya wanamuziki na waigizaji vya Marekani, hulipa wapigaji walioshiriki rekodi nyimbo zao zinapochezwa kwenye baadhi ya redio za mtandao na za setilaiti, na huweka hadharani majina ya watu ambao fedha zao hazijachukuliwa. Wapigaji wa nyuma ya mwimbaji mara nyingi hawakuandikwa kwenye jalada, kwa hiyo hawadhani kuna kitu chao. Anzia kwenye orodha hiyo, kisha chama cha wanamuziki cha mji husika. Hapa ni tawi la Local 257. Andaa majina ya nyimbo, studio, na mwaka hata wa kukadiria.

Na ukienda kumtembelea, beba akiba ya uzi namba tatu, unene wa inchi 0.011. Ndiyo G# inayovutwa na pedeli B, na ndiyo inayokatika kabla ya zote.