Je, wajua kwa nini stika inabanduka na rangi yote kwenye kigae?

Unachukua kigae cheupe cha ukutani, unakipaka rangi, unakata nyota au maua kwenye vinaili, yaani ile stika ya plastiki inayokatwa na mashine yenye kisu kidogo, unabandika, na hapo una pambo la msimu la kusimamisha kwenye shelfu. Msimu ukiisha unabandua nyota unaweka kitu kingine. Ni kazi nzuri sana na haihitaji uwe fundi, ila kuna mahali inawashinda wengi: stika inainuka kona siku ya pili tu, au ukiitoa inaondoka na rangi yote, unabaki na shimo lenye umbo la nyota na weupe wa kigae unakuangalia.

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa moja, utelezi. Niliamini kigae kinateleza, na rangi ikikauka nayo inateleza, kwa hiyo gundi inakosa pa kushika, basi nikawa napiga msasa kila kitu, kigae kwanza halafu na rangi yenyewe kabla ya kubandika, na watu walioniuliza nikawaambia wafanye hivohivo. Nilikosea, na kosa lenyewe ni gumu kuliacha kwa sababu nusu yake ni kweli. Kigae kilichopakwa rangi kina maungio mawili: la chini ni rangi na kigae, la juu ni stika na rangi. Ungio la chini linapenda mikwaruzo, la juu linaichukia. Mimi nilikuwa natumia dawa moja kwa wagonjwa wawili wenye magonjwa tofauti.

Tuanze na hilo la juu maana ndilo lililonishangaza zaidi. Gundi ya stika haikauki. Gundi ya maji ya kubandikia karatasi inapoteza maji inakuwa ngumu, lakini hii ya stika inabaki vilevile, laini na nzito, ikae mwezi ikae mwaka. Ni kitu kilicho katikati ya kimiminika na kigumu, na kinachoifanya ishike ni kusogea karibu mno na uso wa kitu, karibu kiasi cha sehemu ya milioni ya milimita, hapo ndipo chembe za gundi na chembe za uso zinaanza kuvutana. Mvuto wa chembe moja ni mdogo sana, ila zikiwa mabilioni zinavutana kwa pamoja unapata stika ambayo kucha haiiwezi.

Sasa chukua donge la unga uliokandwa, libonyeze kwenye kioo, halafu libonyeze lingine kwenye rundo la kokoto. Kwenye kioo linagusa kila mahali. Kwenye kokoto linagusa vichwa tu, huko chini kumebaki hewa, na ukilivuta linatoka bila ubishi. Rangi iliyopigwa msasa mkavu, ikabaki na mikwaruzo, ndiyo hizo kokoto. Tabaka la gundi nyuma ya stika ni jembamba kuliko unywele, halina unene wa kujaza mabonde yote hayo, kwa hiyo kila mkwaruzo unapunguza eneo la kugusana, na mimi nilikuwa naongeza mikwaruzo nikidhani naongeza mshiko! Rangi ya juu ikiwa laini, ikawa na mng'ao kiasi, na haina vumbi wala alama za mafuta ya vidole, stika inakaa vizuri tu.

Na kwa kuwa ule unga unaendelea kutambaa polepole hata ukiuacha, stika nayo inazidi kushika baada ya kubandikwa, ndo maana wazoefu wanaisugua kwa kadi ngumu ya plastiki halafu wanaiacha siku nzima, hata tatu, kabla ya kuigusagusa. Tabia hiyohiyo inaeleza na jambo la kasi. Unga ukiuvuta taratibu unanyumbuka, ukiuvuta ghafla unakaza. Ile tepu ya kuhamishia, inayobeba maumbo kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye kigae, ukiinyofoa kwa haraka inavuta kwa nguvu zaidi, ila ukiikunja nyuma juu yake yenyewe ukairudisha polepole inaachia kwa upole.

Ungio la chini ni habari nyingine kabisa. Ule ung'avu wa kigae ni kioo halisi, kimeyeyushwa na kuganda juu ya udongo kwenye tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hakina vitundu, rangi haiwezi kunyweka humo kama inavyonyweka kwenye mbao au ukuta wa plasta, inakaa juu tu kama kifuniko. Hapa msasa una kazi ya kweli, halafu unafuta kwa spiriti, halafu praima, yaani rangi ya msingi, ya kushika kwenye vigae, ndipo rangi. (Kigae cha zamani kikwaruze kikiwa kimelowa, manake ung'avu wa vigae vingine vya zamani una madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.)

Halafu kuna kukauka. Rangi ya akriliki ni vipunje vya plastiki vinavyoogelea kwenye maji. Maji yakiondoka vipunje vinabanana, halafu taratibu vinaungana kuwa ngozi moja. Kidole kinakudanganya baada ya saa moja hivi, unagusa unaona pakavu, kumbe ndani kuungana bado kunaendelea na rangi nyingi zinahitaji wiki kadhaa kukomaa kabisa. Muda unategemea rangi yenyewe, unene wa kila mkono wa rangi na unyevu wa hewa, kwa hiyo soma kopo. Ukibandika mapema unafungia unyevu chini ya plastiki, unaona viputo, na ngozi bado ni changa haijashika kigae.

Kuhusu vinaili yenyewe nitasema kidogo tu. Ni plastiki iitwayo PVC iliyolainishwa, na mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon aliigundua hiyo PVC laini wakati anatafuta kitu cha kuunganisha mpira na chuma. Yaani alikuwa anatafuta gundi! Na tafadhali usiikate kwa mashine ya leza, ikiungua inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayoumiza mapafu na kula chuma cha mashine.

Siku hizi stika ikiharibika siitupi kabla sijaigeuza nikaitazama mgongo, maana kamba hukatikia pabovu na mgongo unakuonyesha pabovu ni wapi. Mgongo ukiwa safi, gundi ipo na haina kitu, basi haikuwahi kugusa vizuri, tafuta vumbi, mafuta au mikwaruzo. Gundi ikiwa imegawanyika, nusu kwenye stika nusu kwenye rangi, basi maungio yote mawili yalishika na kilichochanika ni gundi yenyewe, mara nyingi ni stika ya kudumu, ambayo ni rahisi kuitoa ukiipulizia draya ya nywele kwanza. Na ukikuta mgongo umevaa rangi, nyota nzima ya bluu kwa mfano, stika haina kosa lolote, imeshika kuliko rangi ilivyoshika kigae, rudi chini kwenye msasa, spiriti na praima.