Linux, Windows na programu huria: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na tangu hapo ushauri umekuwa mwingi kuliko wanaouomba. Huyu anasema tupa laptopu ununue nyingine, yule anasema hamia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, leo leo, wa tatu anasema fundi wake ana Windows ya kudumu. Wote watatu wanalipita swali ambalo mimi ningeanza nalo: programu unayoitegemea inatunzwa na nani, na hadi lini? Ukiliuliza hilo, dhana kadhaa tulizozizoea zinaanza kulegea.

"Windows 10 imekufa, kwa hiyo laptopu yangu imekufa"

Laptopu itawaka kesho kama ilivyowaka jana. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure, yale marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu yaliyokwisha kugunduliwa. Na hata hapo, Microsoft iliwaongezea watumiaji wa nyumbani mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, kwa sharti la kujiandikisha kupitia mipangilio ya Windows yenyewe. Muuza laptopu hana sababu ya kukueleza hilo, hapati kitu.

Kinachowakwamisha watu ni masharti ya Windows 11: chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache zilizosamehewa. Kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017. Sasa tazama laptopu za mtumba zinazofika Kariakoo na Luthuli kupitia Dubai au kutoka Uingereza: HP EliteBook 840 za G1 hadi G3, ThinkPad T440, Dell Latitude E7450. Hizo zote ni za kizazi cha 4 hadi cha 6. Kuijua ya kwako hakuhitaji fundi, soma tu jina la prosesa: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10.

Fundi anayesema "nitakupigia Windows 11 humo humo" hadanganyi, maana njia ya kuruka masharti ipo. Ila Microsoft ilishatamka kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho. Unapata sura mpya, lakini swali la nani anaitunza linabaki pale pale.

"Windows ya kukraki ni ile ile, tofauti ni bei"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu mara nyingi krak yenyewe, ile programu ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, haikuhitajika.

Kwanza, laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa ndani ya ubao mama. Ukisakinisha upya toleo lile lile, iwe Home au Pro, Windows inausoma ufunguo huo na kujiwasha yenyewe ikipata intaneti. Mteja anampa fundi mashine yenye leseni halali, fundi anaifuta, anapiga Windows aliyoitoa kwenye flashi yake, anaikraki, kisha anamtoza. Leseni bado imo humo, imelala.

Pili, hata ile isiyo na leseni haizimiki. Itakuandikia maneno ya kukukumbusha pembeni mwa skrini na itakunyima kubadili rangi na picha ya ukutani, lakini masasisho ya usalama inaendelea kuyapokea. Basi krak imekuletea nini? Picha ya ukutani. Na ili ikuletee hiyo, ilitaka kwanza uzime antivairasi, kisha uipe programu ya mtu usiyemjua mamlaka yote juu ya mashine unayoingilia benki na barua pepe. Baada ya hapo fundi huzima na masasisho, "yasikulie bando". Hofu ya bando ina msingi, sikatai. Lakini ndani ya Windows kuna mahali pa kuieleza kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, ikapunguza kupakua yenyewe. Ni mibofyo michache na haina madhara.

"Linux ni ya wadukuzi"

Linus Torvalds alianza kuiandika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leo kerneli hiyo ndiyo iliyo chini ya kila simu ya Android. Tangu Novemba 2017, kompyuta kuu zote 500 zilizo kwenye orodha ya zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa na Linux. Kwa mtu wa kawaida, Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, ina menyu chini kushoto, ina mahali pa kuhifadhi faili na ina kivinjari. Skrini nyeusi ya kuandikia amri ipo kwa anayeitaka.

Mashabiki wa Linux nao wana uongo wao, kwamba ukishahama shida zimekwisha. Muulize aliyeweka mifumo miwili kwenye laptopu moja. Akitumia Linux asubuhi kisha akawasha Windows saa tisa alasiri, Windows inamwambia ni saa sita mchana. Atashauriwa abadilishe betri ya ubao mama, na betri haina kosa. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma saa hiyo hiyo kana kwamba ni ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Aliyeko London wakati wa baridi hatakaa aione shida hii, ndiyo maana maelezo mengi ya wageni huitaja kama jambo dogo. Dawa ni amri moja upande wa Linux: `timedatectl set-local-rtc 1`.

Jingine la mifumo miwili: Linux inagoma kuandika kwenye diski ya Windows, inakuruhusu kusoma tu. Watu hudhani diski imekufa. Ukweli ni kwamba Windows ya siku hizi ukiizima hailali kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake upesi kesho, na Linux inaogopa kuvuruga kilichoachwa wazi. Zima ile huduma ya kuwaka haraka ndani ya Windows, au kabla ya kuhamia Linux chagua kuwasha upya badala ya kuzima.

Kuhusu kasi, Linux nyepesi itasaidia mashine yenye RAM kidogo, lakini kivinjari kina njaa ile ile popote kinapokaa. Kama laptopu bado ina hadidiski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, kwanza, halafu ndipo ubishane kuhusu mifumo.

"Linux haipati virusi"

Virusi vile vya flashi vinavyoficha mafolda na kuacha vijia vya mkato vimeandikiwa Windows, kwa hiyo kwenye Linux havina pa kukanyaga. Hapo wanaosifu wana haki. Lakini Mirai, programu hasidi iliyotikisa intaneti mwaka 2016, iliingia kwenye kamera na ruta zinazoendeshwa na Linux, na mlango wake ulikuwa nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha. Ruta iliyoko sebuleni kwako ina nywila gani?

"Msimbo uko wazi, kila mtu anaukagua"

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi. Kila mtu *anaweza* kuukagua. Hiyo haina maana kwamba wanaukagua.

Aprili 2014 lilitangazwa tundu la Heartbleed ndani ya OpenSSL, kifurushi cha msimbo kilichokuwa kikilinda sehemu kubwa ya tovuti duniani. Kosa lilikuwa limekaa humo wazi kwa takriban miaka miwili. Mradi wenyewe ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka, huku kampuni za mabilioni zikiutegemea. Ni kama kisima cha kijiji: wote wanachota, na anayejua kwamba kamba imechakaa ni mmoja.

Miaka kumi baadaye ikaja ya xz, na hii inafaa kusimuliwa polepole. xz ni programu ndogo ya kubana faili iliyomo karibu katika kila Linux. Mtunzaji wake alikuwa Lasse Collin, Mfini, akiifanya kwa muda wake mwenyewe na akiwa amechoka. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa adabu kwa zaidi ya miaka miwili, huku majina mengine yasiyojulikana yakimshinikiza Collin aachie usukani. Jia Tan akapewa mamlaka. Mwanzoni mwa 2024, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akaficha mlango wa nyuma ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali.

Aliyeufichua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft (ndiyo, Microsoft), aliyegundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Matoleo hayo yalikuwa bado hayajafika kwenye Linux nyingi za kawaida.

Kila upande huchota unachotaka humo. Adui wa programu huria anasema, umeona, mgeni ameingia na kukabidhiwa funguo. Mshabiki anasema, umeona, msimbo ulikuwa wazi ndiyo maana mtu wa nje aliweza kuchimba. Wote wana ukweli, na mimi naegemea kwa wa pili, kwa sababu kwenye programu iliyofungwa Freund angebaki na malalamiko ya nusu sekunde tu. Lakini uwazi peke yake haukulilinda lango. Mtunzaji mmoja aliyechoka ndiye alikuwa lango.

Na wanaodhani programu huria yote ni kazi ya kujitolea usiku wamekosea pia. Sehemu kubwa ya kazi ya kerneli ya Linux hufanywa na watu wanaolipwa mishahara na kampuni kama Intel, Google na Red Hat, na IBM iliinunua Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Fedha zipo. Zinafika penye jina kubwa, na miradi midogo kama xz inabaki kusubiri.

"LibreOffice inaharibu hati zangu"

LibreOffice ni programu huria inayofanya kazi za Word na Excel. Lawama hiyo ni nusu kweli. Barua inayofunguka ikiwa imeruka ukurasa mara nyingi imekosa fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hazimo kwenye Linux. Sakinisha Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule, na mistari mingi itarudi mahali pake. Hati ya kusomwa tu itume kwa PDF, yaishe.

Makro za Excel, zile amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, ni kesi nyingine. Hizo kweli hukwama. Na kuna programu ambazo hazina toleo la Linux kabisa: Photoshop, AutoCAD, Tally. Mhasibu ambaye vitabu vyote vya wateja viko kwenye Tally, anayemshauri ahame leo hamtakii mema. Jiji la München huko Ujerumani lilihamishia kompyuta zake karibu 15,000 kwenye Linux, likamaliza mwaka 2013, na mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Watu wanabishana mpaka leo kama sababu ilikuwa ya kiufundi au ya kisiasa.

"Ukiuliza swali wanakutukana"

Imetokea, na imewafukuza wengi. Torvalds mwenyewe, Septemba 2018, aliomba radhi kwa barua pepe zake za ukali, akakaa pembeni kwa muda, na mradi ukapata kanuni mpya za maadili. Magomvi ya ndani nayo ni makali: mwaka 2014 watunzaji wa Debian, mojawapo ya aina za Linux, walibishana kuhusu systemd, programu inayowasha huduma za mfumo, hadi kundi likajitenga na kuanzisha Devuan.

Hata hivyo kuna maswali ambayo hakuna anayeweza kuyajibu. "Printa haifanyi kazi, saidieni haraka" ni mojawapo. Taja aina ya printa, toleo la mfumo, ulichobofya na maneno kamili ya kosa yaliyotokea, na utaona sauti zinabadilika. Kumbuka pia kwamba leseni za programu hizi hutamka wazi kuwa hakuna dhamana. Anayekujibu hakudaiwa.

"Sisi huku ni watumiaji tu"

Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008, katika siku za machafuko ya baada ya uchaguzi, ikatumika nchi nyingi baadaye. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 na kukulia kwenye kliniki za Eldoret. DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, mizizi yake iko Afrika Kusini, na takwimu za afya za Kenya na Tanzania hupita humo.

Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi chini ya mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Tatizo la tafsiri ni kwamba programu haisimami. Kila toleo huja na menyu mpya, na isiyotafsiriwa hubaki Kiingereza. Kazi hii haidai kujua kuandika msimbo: LibreOffice hutafsiriwa kwenye tovuti ya Weblate, na kivinjari cha Firefox kwenye ile ya Pontoon. Unajiandikisha, unaiona sentensi ya Kiingereza, unaandika ya Kiswahili chini yake, mwingine anaipitia, na ikikubaliwa inaingia kwenye toleo linalofuata.