Mtoto Asiyetulia Darasani, na Yule Anayetulia Mno

Nilipokuwa nikifundisha darasa la nne mjini Busia, Uganda, nilikuwa na msichana ambaye hakunisumbua hata siku moja. Daftari lake la hesabu ndilo lililokuwa likisema: hesabu tatu za kwanza amezipata, ya nne ameiachia njiani, ya tano amejumlisha palipotakiwa kutoa, lakini nikimwita mezani na kumwuliza kwa mdomo, alijibu zote sawasawa. Kwenye ripoti yake nikaandika kwamba ni mzembe. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa huenda alikuwa na upungufu wa umakini, hali inayoitwa ADHD kwa Kiingereza. Hizi hapa ni dhana potofu tulizo nazo kuihusu.

Dhana: mwenye upungufu wa umakini ni mtoto anayekimbiakimbia na kupiga kelele.

Hali hii ina sura tatu. Wapo watoto ambao dalili zao ni utukutu na pupa, wapo ambao akili huponyoka kimyakimya, na wapo wenye yote mawili. Wale wa kimya ndio wanaotupita, na wasichana wengi wamo humo, kwa kuwa katika madarasa yaliyofurika tangu mpango wa elimu ya msingi kwa wote uanze mwaka 1997, mwalimu humwona kwanza anayevuruga somo. Mtoto wa kimya hupoteza kalamu kila wiki, husahau alichotumwa kabla hajafika dukani, huacha kazi nusu, na ukimsemesha ana kwa ana huonekana kama hayupo.

Hata hivyo, dalili moja au mbili hazitoshi. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, uliotolewa mwaka 2013, unadai dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za kundi moja, liwe la utukutu na pupa au la akili kuponyoka, zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12, zinazoonekana mahali pawili au zaidi na kumkwamisha mtoto katika masomo au maisha yake. Sharti la mahali pawili lina uzito mkubwa: mtoto anayehangaika shuleni tu huenda shida yake iko shuleni humo, kwa hiyo mwalimu na mzazi hawana budi kuulizana.

Dhana: hakuchapwa vya kutosha.

Daktari George Still alieleza watoto wa namna hii jijini London mwaka 1902, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Si ajabu baba kusikiliza maelezo, akanyamaza, kisha akakiri kwamba naye alikuwa hivyohivyo. Kiboko hakimfundishi mtoto kuelekeza mawazo yake, na sheria ya watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, imekipiga marufuku shuleni.

Dhana: anatazama mpira dakika 90 bila kupepesa, basi anajifanya.

Mtoto huyu hakukosa umakini kabisa. Anachoshindwa ni kuupeleka pale unapotakiwa. Kinachobadilika kila sekunde humshika, lakini kunakili aya kutoka ubaoni humshinda.

Dhana: ni sukari.

Sukari ya chai haileti hali hii.

Dhana: amerogwa, au ana mapepo.

Simlaumu mzazi anayekwenda kwa shehe au mchungaji, na dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Ila aende, kwa sababu yapo mengine yanayofanana na hali hii: masikio mazito, macho yasiyoona ubao, usingizi mchache, njaa, na kifafa kile kinachomfanya mtoto akodoe macho kwa sekunde chache bila kuanguka. Kwetu kuna pia malaria ya ubongo. Tafiti zilizofanyika katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto walioipona hubaki na udhaifu wa umakini kwa muda mrefu. Mzazi aulizwe kama mtoto aliwahi kupoteza fahamu kwa homa.

Hakuna kipimo cha damu kinachotambua hali hii. Mzazi aanzie kituo cha afya na kuomba rufaa. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, jijini Kampala, huhudumia watoto pia. Abebe madaftari ya muhula mzima na barua ya mwalimu, maana mbele ya daktari mgeni, katika chumba kisicho na kelele, mtoto huyohuyo anaweza kutulia dakika 20 nzima, akajibu kila swali vizuri, na kurudishwa nyumbani kama asiye na tatizo lolote.