Ukibadilisha majina bado umekopi: kwenu mnaoandika fantasia huku Nyanda za Juu

Mimi kazi yangu ni kuhariri miswada, niko Mbeya, na ukifungua WhatsApp yangu saa hizi utakuta PDF za vijana wa Uyole, Tukuyu, Makambako mpaka Iringa mjini, wengi wanaandika fantasia, wachawi, majini, falme za chini ya ziwa, na hilo nalifurahia sana tu. Kinachonichosha ni meseji inayofuata chini ya PDF: "Mhariri usiogope, mawazo nilipata kwenye kitabu fulani lakini majina yote nimebadilisha."

Majina yote nimebadilisha. Hii sentensi nimeshaisoma mpaka basi, kwa hiyo leo naanza nayo.

Dhana: nikibadilisha majina na mahali, stori inakuwa yangu

Haiwi yako. Umepaka rangi pikipiki ya wizi, namba ya chesisi iko palepale.

Kuna dogo mmoja alinitumia muswada, yatima analala stoo ya mahindi kwa mjomba wake Igurusi, siku anatimiza miaka 11 linakuja jitu lenye ndevu kumwambia wazazi wako walikuwa wachawi wakubwa, badala ya bundi kuna kunguru, badala ya treni kuna Kosta ya Tukuyu ambayo watu wa kawaida hawaioni, shuleni anapata rafiki wa kiume wa familia maskini na msichana anayejua kila kitu, na aliyewaua wazazi wake hatajwi jina. Namuuliza, ananijibu Harry Potter sijamsoma mi niliangalia muvi tu. Sasa mdogo wangu, muvi umeangalia kibanda umiza, hakimiliki nayo imebaki nje?

Naomba hapa tuelewane vizuri maana ndipo wengi wanapopotea. Yatima ni wa wote. Shule ya uchawi ni ya wote, zilikuwepo kwenye vitabu miaka mingi kabla ya huyo kijana wa miwani. Mzee mwenye ndevu anayejua siri, pete, upanga, utabiri, vyote chukua, hakuna atakayekudai. Shida inaanza pale unapochukua vitu vyote hivyo kwa mpangilio uleule, vinafanya kazi ileile, vinampeleka mtu palepale, yaani mnyororo mzima. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo, inalinda namna wazo lilivyoandikwa, na "namna" siyo maneno peke yake, hata mtiririko wa matukio na wahusika waliochorwa kwa undani wamo.

Mnadhani natisha? Mwandishi wa Urusi, Dmitri Yemets, alitoa vitabu vya binti anaitwa Tanya Grotter, yatima, miwani ya duara, badala ya kovu ana baka puani, badala ya ufagio anarukia gitaa kubwa la besi lile la kupigwa kwa upinde. Jina kabadilisha, jinsia kabadilisha, nchi kabadilisha. Tafsiri ilipotaka kutoka Uholanzi mwaka 2003 mahakama ya Amsterdam ikaizuia, utetezi wa kwamba ni mzaha tu haukusaidia.

Hapo ndo wajanja wananiletea Shaaban Robert. Mbona Adili na Nduguze imetoka kwenye Alfu Lela Ulela? Ndiyo imetoka huko, mle kuna mtu na ndugu zake waliogeuzwa mbwa, na kila usiku lazima awachape, Shaaban akawafanya manyani. Lakini kwanza Alfu Lela Ulela haina mwenyewe, ni hadithi za karne na karne. Pili someni alichokifanya: kaichukua stori ya maajabu akaitumia kusemea mtawala anatakiwa aweje, haki ya raia, kodi, usamehevu, na Kiswahili kile ni chake mwenyewe, hakuna alikokitoa. We na Kosta yako umeongeza nini? Kunguru?

Jaribio langu ni hili, na nalilazimisha kwa kila mtu hata kama hataki. Andika muhtasari wa stori yako mistari kumi bila jina hata moja, "kijana", "mwalimu", "adui". Mpe mtu anayesoma sana, usimwambie kitu. Akikutajia kitabu kimoja hichohicho kabla hajafika mstari wa tano, rudi kaandike. Akikutajia vitabu vinne tofauti, hapo sawa, umeathiriwa kama sisi wote. Dawa ni kusoma vingi, anayesoma kimoja mara nane atakiandika hichohicho hata akiwa usingizini. Halafu kitabu kifunge! Nawajua mnaoandika huku kimefunguliwa pembeni kwenye simu nyingine. Na nendeni Ngosi, lile ziwa la kreta la huku Mbeya, mkapande mpaka juu ukingoni, muone ile kijani ya maji chini na ukungu unavyolifunika ziwa lote dakika mbili, ndo mniambie kama bado mnahitaji ngome ya Uskochi kama ya Harry Potter.

Dhana: jina ni kitu kidogo, naweza kulichukua

Hii ni kinyume cha ile ya juu na inaletwa na walewale. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka 1974 ulikuwa na hobbit, wale watu wafupi wa vitabu vya Mwingereza Tolkien, wakatishiwa sheria, wakabadilisha wakawa "halfling", na mpaka leo wanauza. Hapo kubadilisha jina kulitosha kwa sababu kilichochukuliwa kilikuwa jina, watu wafupi wenyewe hawana mwenyewe. Tolkien naye jina la mchawi wake Gandalf na majina ya wale vibeti wa kitabu chake The Hobbit cha 1937 kayatoa kwenye shairi la kale la Waskandinavia, ambamo ni orodha tu. Tofauti ni umri wa chanzo na alichojenga juu yake.

Dhana: nimemtaja mwandishi, kwa hiyo ni heshima siyo wizi

Kumtaja kunakuondolea aibu ya kudanganya, ruhusa hakukupi. Demetrious Polychron wa Marekani aliandika mwendelezo wake wa Lord of the Rings, kitabu cha Tolkien, mwaka 2023 akawashtaki Amazon na warithi wa Tolkien eti wao ndo wamemkopi, akashindwa, akaamriwa aharibu nakala zote na kulipa gharama za mawakili zaidi ya dola 130,000.

Dhana: nimetafsiri, Kiswahili ni changu

Tafsiri inahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Basi.

Dhana: hadithi za bibi ni za wote kwa hiyo nakopi kitabu chochote cha ngano

Ngano ni ya jamii, ila maneno ya yule aliyeiandika ni yake, uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Kaulize wazee wa Rungwe mwenyewe, kaulize Iringa kuhusu jiwe la Gangilonga, uandike ulivyosikia wewe. Na hata hiyo miaka 50 ikiisha, ukichukua kurasa za marehemu ukaweka jina lako, mahakamani utapona, ila kwangu mimi bado ni mwizi wa maandishi.

Dhana: chini ya asilimia kumi hawakukamati

Sijui nani aliisambaza hii. Hakuna asilimia kwenye sheria ya aina hiyo, aya moja inaweza kuwa ndo moyo wa kitabu.

Dhana: bila kuandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kitabu hakilindwi

Kinalindwa tangu ulipokiandika. Kuandikisha ni ushahidi mzuri siku mkigombana, kaandikishe, ila msinitumie mimi hela ya kuandikisha maana hiyo siyo kazi yangu, na wawili walionitumia wiki hii njooni inbox niwarudishie.